Laktoferini ya ng'ombe kwa watoto njiti: ilifaulu Italia, ikagoma Uingereza

Mapema mwaka 2019 jarida la tiba la The Lancet lilitoa matokeo ya jaribio lililoitwa ELFIN. Watoto njiti 2,203, wote wamezaliwa kabla ya wiki 32 za mimba kutimia, waligawanywa kwa bahati nasibu katika hospitali 37 za Uingereza. Kundi moja lilichanganyiwa kwenye maziwa unga wa laktoferini, protini ya maziwa inayopambana na bakteria, iliyotolewa katika maziwa ya ng'ombe, miligramu 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, bila kuzidi miligramu 300. Kundi la pili lilichanganyiwa sukari ya kawaida, hii hii ya kuwekea chai, ili wauguzi na wazazi wasijue nani kapewa nini. Walichotaka kujua watafiti ni kama laktoferini inapunguza maambukizi yanayomwingia mtoto baada ya saa 72 za kwanza za maisha, yale yanayowaondoa njiti ambao tayari walishavuka hatari za siku ya kuzaliwa.

Waliopata maambukizi walikuwa asilimia 29 upande wa laktoferini na asilimia 31 upande wa sukari. Ukitazama maambukizi yaliyothibitishwa maabara peke yake, pande zote mbili zilikaribia asilimia 17. Kwa lugha ya wodini: haikusaidia.

Sasa rudi nyuma miaka kumi. Mwaka 2009 Paolo Manzoni na wenzake nchini Italia walichapisha katika jarida la JAMA jaribio la watoto 472 waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,500. Dozi ilikuwa miligramu 100 za laktoferini ya ng'ombe kwa siku. Waliopata maambukizi ya damu katika kundi la laktoferini walikuwa asilimia 5.9; katika kundi la kulinganisha, asilimia 17.3. Kundi la tatu, lililopewa laktoferini pamoja na bakteria rafiki wa tumboni, lilikuwa na asilimia 4.6. Matokeo ya namna hiyo hayaji kila mwaka katika tiba ya watoto wachanga, na ndiyo yaliyowafanya Waingereza watafute fedha za kufanya jaribio kubwa zaidi.

Baada ya ELFIN, kauli iliyobaki vichwani mwa wengi ni fupi: laktoferini haifanyi kazi. Mimi naona kauli hiyo inadai zaidi ya kile kilichopimwa. Kilichopimwa ni unga wa mnyama mmoja, kwa dozi moja, kwa watoto ambao wengi wao walikuwa wakipata maziwa ya mama pia. Na kati ya vitu vinavyofichika tunapotamka "laktoferini" kana kwamba ni kitu kimoja, sukari iliyobandikwa juu ya protini hiyo (minyororo midogo, si sukari ya chai) ndiyo isiyozungumzwa kabisa nje ya maabara. Lakini pia sitaiangushia sukari lawama yote, kwa sababu nitakazozitoa mbele.

Laktoferini yenyewe ni protini ya asidi amino 690 hivi, uzito wake ukikaribia daltoni 80,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Imejikunja katika vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kina nafasi ya kushika ayoni moja ya chuma. Ikishashika chuma hugeuka rangi ya waridi; ndiyo maana ilipotajwa mara ya kwanza mwaka 1939, kwenye maziwa ya ng'ombe, iliitwa tu protini nyekundu. Mwaka 1960 makundi kadhaa ya watafiti, kila moja kivyake, yaliitenga kutoka kwenye maziwa ya mama, mojawapo likiwa la Jean Montreuil huko Lille, Ufaransa. Montreuil alikuwa mtu wa sukari kuliko mtu wa protini, na maabara yake ndiyo iliyokuja kuchora umbo la sukari hizo, kwa binadamu na kwa ng'ombe.

Maziwa ya mama yaliyokwisha komaa huwa na gramu 1 hadi 3 za laktoferini kwa lita. Dang'a huwa na zaidi, hata gramu 5 na kuendelea. Maziwa ya ng'ombe hayafiki popote hapo. Humo inahesabiwa kwa miligramu. Kiwanda kikitaka kilo moja ya unga lazima kipitishe maelfu ya lita za maziwa, au maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini.

Kazi zake, kwa kadiri zinavyofahamika, ni za namna tatu. Ya kwanza ni kuwanyima bakteria chuma. Ya pili inaanza tumboni: kimeng'enya cha pepsini kikiikata laktoferini, kinatoa kipande kifupi kiitwacho laktoferisini ambacho kinatoboa ngozi ya nje ya bakteria. Ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Bakteria wengi wanaoleta kuhara hujishikiza kwenye utumbo kwa kukamata sukari zilizo juu ya seli za utumbo. Sukari zilizo juu ya laktoferini zinafanana na hizo. Bakteria akikamata hizo za kwenye maziwa, anakuwa kama abiria wa Mwenge aliyedandia daladala ya Mbagala: anasafiri, ila hafiki alikokusudia, na mwisho wa safari ni kwenye nepi.

Kazi mbili za kwanza zinategemea mnyororo wa asidi amino. Ya tatu inategemea sukari. Na hapo ndipo binadamu na ng'ombe wanapoachana.

Laktoferini ya binadamu ina sehemu tatu ambapo sukari inaweza kupachikwa, zote kwenye asidi amino iitwayo asparajini: nafasi ya 138, ya 479 na ya 624. Ile ya 624 mara nyingi huwa tupu. Minyororo inayokaa kwenye hizo mbili za kwanza ni ya matawi mawili, imejaa aina ya sukari iitwayo galaktosi, ina nyingine iitwayo asidi sialiki kwenye ncha, na ina fukosi, aina ya tatu, kwa wingi, nyingine shinani na nyingine kwenye matawi. Fukosi za kwenye matawi ndizo zinazounda umbo ambalo wataalamu wanaliita Lewis x, ambalo liko pia kwenye seli zetu wenyewe.

Ya ng'ombe ina sehemu tano. Nne kwa kawaida zina sukari. Ya tano, nafasi ya 281, ina sukari kwenye sehemu ndogo tu ya molekuli. Minyororo mingi ya ng'ombe ni ya aina moja tu ya sukari, manosi, tano hadi tisa, bila yale matawi yenye galaktosi na fukosi. Mingine ina galaktosi iliyounganishwa kwa namna ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa. Na kwa kiasi kidogo ina aina ya asidi sialiki ambayo wazee wetu waliacha kuitengeneza tangu jeni yake ilipoharibika, kabla hatujawa watu wa leo. Sisi tuna hata kingamwili dhidi yake. Mnyororo wa asidi amino wa wanyama hawa wawili unalingana kwa asilimia 70 hivi. Kwa upande wa sukari, ukipewa michoro miwili bila majina huwezi kudhani ni ya protini moja.

Kuna watu waliojaribu kulikwepa tatizo hili kwa kuhamisha jeni. Mwaka 1990, huko Lelystad, Uholanzi, alizaliwa fahali aliyepewa jina la Herman, aliyebeba jeni ya laktoferini ya binadamu. Bintize walipokua na kuanza kukamuliwa walitoa laktoferini ya binadamu kwenye maziwa yao. Herman alikufa mwaka 2004, na ngozi yake iliyojazwa iko kwenye jumba la makumbusho la Naturalis mjini Leiden. Mwaka 2002 watafiti wa mradi huo walichapisha walichokipata: mnyororo wa asidi amino ulikuwa wa binadamu, unashika chuma vizuri, ila sukari zilikuwa na manosi nyingi kama za ng'ombe. Na ingekuwaje vingine? Jeni ya laktoferini inasema asidi amino zipangwe vipi na asparajini zikae wapi. Haisemi chochote kuhusu sukari ipi itabandikwa. Hilo huamuliwa na vimeng'enya vilivyomo kwenye seli inayotengeneza, na seli ile ilikuwa ya kiwele cha ng'ombe. Ukiipachika jeni hiyo hiyo kwenye mpunga utapata sukari za mimea. Kwenye ukungu, sukari za ukungu.

Huhitaji hata kuvuka kutoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine. Chembechembe nyeupe za damu zetu nazo zinatengeneza laktoferini, kwa jeni ile ile inayotumika kwenye titi. Mwaka 1990 maabara ya Lille ilionyesha kwamba laktoferini ya chembechembe nyeupe haina fukosi kabisa. Mtu ni yule yule, jeni ni ile ile, sukari ni nyingine. Na hata kwenye titi hilo hilo haitulii: mwaka 2012 kundi la Carlito Lebrilla katika Chuo Kikuu cha California, Davis, lilionyesha kwamba sukari za laktoferini hubadilika katika wiki za mwanzo za kunyonyesha, fukosi ikizidi kuongezeka. Walionyesha pia, kwenye seli za maabara, kwamba sukari hizo zinahusika katika kumzuia salmonela asijishikize.

Hapa nitakaa kidogo kwenye namna ya kupima, kwa sababu ndiko kunakoonyesha kwa nini majaribio ya hospitali huliruka jambo hili.

Laktoferini yenyewe si ngumu kuipata. Maziwa yanazungushwa kwa kasi hadi mafuta yaelee na kuondolewa. Kaseini, protini kuu ya maziwa, inagandishwa kwa asidi. Kinachobaki kinapitishwa kwenye safu ya chembe zenye chaji hasi. Protini nyingi za maziwa zina chaji hasi na hupita moja kwa moja. Laktoferini ina chaji chanya, inanasa, na utaiona kwa macho ikiacha mkanda wa waridi kwenye safu kama imebeba chuma cha kutosha. Unaishusha kwa maji ya chumvi. Hadi hapo ni kazi ya siku moja.

Ugumu unaanza unapotaka kujua sukari gani imekaa wapi. Njia rahisi ni kuzinyofoa zote kwa kimeng'enya kiitwacho PNGase F, kisha kuzipima uzito kwenye spektromita, mashine ya kupima uzito wa molekuli. Utapata orodha nzuri ya sukari zilizokuwepo, lakini hutajua ipi ilitoka nafasi ya 138 na ipi ya 479. Alama pekee inayobaki kwenye protini ni ndogo: kimeng'enya hicho kinapong'oa mnyororo kinageuza asparajini kuwa asidi aspatiki, na kipande hicho kinaongezeka uzito wa daltoni 0.98. Tatizo ni kwamba asparajini hugeuka hivyo hivyo zenyewe zikikaa muda mrefu kwenye joto. Kwa hiyo wanaojali hufanya kazi hiyo ndani ya maji yenye oksijeni nzito, ile ya 18, ili nafasi iliyokuwa na sukari kweli iongezeke karibu daltoni 3 na isichanganywe na iliyogeuka yenyewe.

Njia ya pili ni kuikata protini vipande vidogo kwa tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enya protini, na kuvipima vikiwa bado na sukari zao. Anwani haipotei. Lakini tazama mtego uliomo. Heksosi moja, yaani galaktosi au manosi, huongeza daltoni 162.05, na spektromita haiwezi kuzitofautisha hizo mbili kwa uzito pekee. Fukosi moja huongeza 146.06. Asidi sialiki ya binadamu huongeza 291.10. Sasa jumlisha fukosi mbili: 292.12. Tofauti na asidi sialiki moja ni daltoni 1.02, na atomu moja ya kaboni nzito, ambayo iko kwenye sampuli yoyote ya kiumbe hai, huongeza daltoni 1.003. Maana yake, mashine ikikosea na kukamata kilele cha pili kwenye mchoro wake (kile cha molekuli zenye kaboni nzito) badala ya cha kwanza, mnyororo wenye asidi sialiki moja utasomwa kuwa una fukosi mbili, au kinyume chake. Kinachobaki kuzitenganisha ni daltoni 0.017. Kwenye kipande cha daltoni 3,000 hizo ni sehemu sita hivi kwa milioni. Programu ya kompyuta iliyolegezwa masharti itapitisha jibu lolote kati ya hayo mawili, na itakupa na asilimia za uhakika juu yake.

Dawa ni kuvunja kipande hicho ndani ya mashine na kutafuta masalia. Asidi sialiki ikivunjika huacha alama kwenye 292.10 na 274.09. Zisipokuwepo, hiyo asidi sialiki haipo, hata programu iseme nini. Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu protini inayozungumziwa ina fukosi nyingi na asidi sialiki kwa pamoja, na tofauti kati ya binadamu na ng'ombe iko kwenye hizo hizo. Mtu anayesoma jedwali la sukari za laktoferini bila kuuliza vilele vilikaguliwaje anasoma kwa imani tu.

Turudi Uingereza. Ripoti kuu ya ELFIN inaeleza dozi, muda, umri wa mimba, namna ya kuficha makundi. Ramani ya sukari ya unga uliotumika haimo. Siwalaumu, lilikuwa jaribio la hospitali, si la kemia, na swali lao lilikuwa la haki. Lakini mtu anayetaka kueleza kwa nini Italia na Uingereza zilipishana anakuta mlango huo umefungwa.

Basi washukiwa ni nani? Wa kwanza kwangu ni wa kawaida kabisa: hesabu ndogo za Italia. Asilimia 5.9 ya watoto 153 ni watoto 9. Asilimia 17.3 ya watoto 168 ni watoto 29. Pengo la watoto ishirini linaweza kuwa la kweli, lakini jaribio la kwanza lenye namba ndogo na matokeo makubwa lina tabia ya kusinyaa linaporudiwa mahali pengi. Hilo halihitaji sukari yoyote kulieleza. Na lilirudiwa: Australia na New Zealand, katika jaribio la LIFT lililochapishwa 2020 likiwa na watoto 1,542, vifo na madhara makubwa vilikuwa karibu sawa pande zote, asilimia 21 kwa 22. Peru nako, kwa watoto 414, jaribio la NEOLACTO halikutoa tofauti ya kutosha. Ukizijumlisha tafiti zote, kama Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ilivyofanya mwaka 2020, kuna dalili ya faida dhidi ya maambukizi, lakini ushahidi wenyewe wanauita dhaifu.

Mshukiwa wa pili ni dozi, na huyu nashangaa hatajwi sana. Chukua mtoto wa kilo moja aliyeanza kula kikamilifu, anakunywa mililita 150 za maziwa ya mama yake kwa siku kupitia mrija wa puani. Tuseme maziwa hayo yana gramu 2 za laktoferini kwa lita. Anapata miligramu 300 kwa siku, ya binadamu, mbichi, yenye sukari zake. Dozi ya ELFIN kwa mtoto huyo ni miligramu 150 za ng'ombe. Kama mama yake anakamua vizuri, tumemwongezea nusu ya alichonacho tayari. Kama mama hana maziwa, tumempa nusu ya anachokosa. Kwa hesabu hii sishangai kuona kundi lililochanganyika la watoto likitoa jibu la katikati. Ningependa kuona watoto wasiopata maziwa ya mama kabisa wakihesabiwa peke yao, ingawa najua wodi nzuri inajitahidi wasiwepo.

Wa tatu ni unga wenyewe. Laktoferini ya viwandani hupitia joto, kuchujwa na kukaushwa, na unga wa kiwanda kimoja haufanani na wa kingine kwa usafi wala kwa nguvu. Tena ina tabia ya kung'ang'ania sumu za kuta za bakteria, kwa hiyo unga ulioandaliwa ovyo unaweza kuingia tumboni ukiwa umeshabeba mzigo.

Ndipo inakuja sukari, namba nne. Nimeiweka huko kwa sababu mbili zinazopingana na shauku yangu mwenyewe. Moja ni ile laktoferisini. Kile kipande kinachotoboa bakteria hakihitaji sukari, na katika majaribio ya maabara cha ng'ombe kina nguvu kuliko cha binadamu. Kama hiyo ndiyo ingekuwa kazi kuu tumboni mwa njiti, ng'ombe angetushinda, sukari au bila sukari. Labda haikutokea kwa sababu tumbo la njiti halina asidi ya kutosha kuiamsha pepsini. Hilo nalo linarudisha lawama kwenye tumbo. Ya pili ni kwamba waliojaribu mnyororo wa binadamu nao hawakupata ushindi wa wazi. Talaktoferini, laktoferini ya binadamu iliyotengenezwa kwa ukungu wa Aspergillus, ilipewa watoto njiti Marekani katika jaribio dogo la watoto 120 lililochapishwa 2016. Maambukizi yalionekana kupungua lakini si kwa kiwango cha kuondoa shaka. Bila shaka msomaji makini ameshaona udhaifu wa hoja hiyo: sukari za ukungu si za titi. Hadi sasa hakuna jaribio hata moja kati ya haya niliyoyataja ambapo mtoto alipewa unga wenye mnyororo wa binadamu na sukari za binadamu.

Kuna jambo moja linalonizuia nisiifute sukari kwenye orodha. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi, wale wale wa ukoo wa Herman, walionyesha kwamba kwa laktoferini ya binadamu, kuwa na sukari au kukosa hakubadilishi kasi ya kukatwa na tripsini. Lakini kwa ng'ombe, zile molekuli chache zenye sukari kwenye nafasi ya 281 zilivumilia kuliko zisizo nayo. Kwa hiyo sukari si chambo cha bakteria tu. Angalau kwa ng'ombe, huenda inaamua pia protini itafika umbali gani kwenye utumbo kabla ya kuliwa. Mbili hizi zimeungana, na jaribio linalopima maambukizi peke yake haliwezi kuzitenganisha.

Tena kuna anayezila sukari zenyewe. Bakteria aitwaye Bifidobacterium infantis, mkazi wa kawaida wa tumbo la mtoto anayenyonya, ana kimeng'enya kinachonyofoa minyororo hii kutoka kwenye protini za maziwa, na anaweza kustawi kwa kuila. Kinakata sukari za binadamu na za ng'ombe pia. Kwa mtoto mwenye bakteria huyu, laktoferini ni chakula cha mkazi mwema. Kwa mtoto aliyelala wodini kwenye antibayotiki tangu siku ya kwanza, mkazi huyo huenda hayupo, na sukari zinapita zilivyo. Huko Italia kundi lililopewa bakteria rafiki pamoja na laktoferini ndilo lililokuwa na maambukizi machache zaidi, ingawa bakteria wao alikuwa wa aina nyingine, laktobasili, na tofauti kati ya 4.6 na 5.9 haina uzito wa kujengea hoja.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, suala hili si la mbali. Magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Migori na Homa Bay, jaribio la Boresha Afya limeundwa kuwapa laktoferini na lisozaimu (kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria) watoto wa miezi 6 hadi 24 wenye kuhara na utapiamlo. Hao si njiti, matumbo yao ni mengine na hawategemei maziwa ya mama peke yake; kwa hesabu ya dozi niliyoifanya hapo juu, ni watu wanaofaa zaidi kuulizwa swali hili kuliko njiti wa Uingereza.

Lakini kwa njiti, mahali ninapoona jibu linaweza kutoka ni kwenye benki ya maziwa ya mama. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua ya kwake mwaka 2019. Maziwa ya kuchangia hupashwa kwa nyuzi joto 62.5 kwa dakika 30, ili kuua virusi na bakteria. Joto hilo linaikunjua laktoferini na kuipunguza kwa kiasi kikubwa. Ile inayobaki haishiki chuma kama zamani. Ila joto hilo halivunji muungano wa sukari na protini. Kwa maneno mengine, mtoto anayelishwa maziwa ya benki anapata sukari za binadamu juu ya protini iliyoharibika mkunjo, na mtoto wa ELFIN alipata mkunjo ulio hai wenye sukari za ng'ombe. Makundi haya mawili hayalinganishiki moja kwa moja, kwani maziwa ya benki yana mengine mengi ndani yake. Ila sampuli za pande zote mbili zinaweza kukusanywa kesho asubuhi: kinyesi cha mtoto kwenye nepi, kigandishwe kwa barafu, kisha itafutwe humo ni kiasi gani cha laktoferini kilichofika mwisho wa safari, na kilifika na sukari zipi kwenye nafasi ya 138 na ya 479.